Sentimita Moja

Saa kumi na mbili nashuka ngazi za zege, Mtera,
mpaka kwenye ubao wenye mistari
kama punda milia aliyesimamishwa wima.
Nachuchumaa. Nangoja wimbi litulie.
Naandika: mia sita tisini na mbili, nukta moja sita.
Jana ilikuwa nukta moja tisa.
Vidole viwili.

Mgeni atasema vidole viwili si kitu.
Aje aone jioni:
namba niliyoiandika asubuhi kwa kalamu yangu mwenyewe
inapanda waya, inazunguka maofisini,
inarudi Migoli saa mbili usiku na kuizima redio yangu
katikati ya taarifa ya habari.

Juu huko, Ubaruku, yuko Vangilisasi,
ndugu yangu wa ziwa moja,
la mama kwanza, sasa na hili.
Majaruba yake yamejaa. Si yake peke yake;
ni yake, na ya jirani, na ya jirani wa jirani,
na jua nalo linakunywa bila kulipa ankara.
"Dada," ananiambia kwenye simu, "mpunga umebeba mimba.
Wakilifunga banio wiki hii, nitavuna makapi."
Nyuma yake nasikia maji yakicheka mferejini.
Maji yangu, nikasema moyoni,
kisha nikaona aibu.

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga.
Hawakusema nani ataamka alfajiri kuuhesabu.

Mwaka ule ziwa lilinywea hadi visiki vikatoka,
vyeusi, vya miti iliyozama kabla sijazaliwa,
kisha jiwe la kusagia la bibi yetu, binti Mhelela,
likiwa bado na shimo lake la mtama.
Chengula aliuacha mtumbwi juu ya matope yaliyopasuka
akaenda kuuza mkaa.
Perege wakabaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto.
Na Kidatu walipiga simu mara tatu kwa siku,
kwa adabu, kama jirani anayeomba chumvi
huku sufuria iko motoni.

Ndipo Vangilisasi akaniomba.
Hakuniomba maji. Aliniomba wino.
"Andika moja tu zaidi, dada. Wasije wiki hii."

Niliandika.
Sentimita moja ambayo haikuwapo.
Mkono haukutetemeka; ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Ikaenda Iringa. Mezani, kwa chai na maandazi,
wakaigawa kwa haki:
hii ya mitambo, hii ya samaki,
hii ya viboko kule hifadhini, hii ya akiba.
Wakapiga muhuri.
Sijui fungu la uongo wangu lilimwangukia nani,
lakini kuna mtu, mahali fulani, alifungua bomba
likakohoa.

Mpunga ulivunwa. Gunia moja lilinifikia juu ya lori la vitunguu,
mchele mweupe, wa kunukia.
Niliupika. Niliula.
Ulikuwa mtamu, nisidanganye mara mbili.

Machi, Ruaha ulishuka kutoka Usangu rangi ya chai ya maziwa,
umebeba mabua, ndala, kuku mfu,
ukaupanda ubao mstari baada ya mstari
mpaka king'ora kikalia, milango ikafunguliwa,
na watu wa chini wakahamisha matenga ya nyanya usiku, kwa tochi.
Asubuhi ile nilisoma, nikasoma tena,
nikaandika pungufu kwa sentimita moja.

Daftari sasa liko sawa.
Mto haukuniuliza kitu.
Ni mimi tu ninayeshuka ngazi kila siku,
nachuchumaa mbele ya ubao
na kungoja wimbi litulie,
nikijua uso wa nani utatokea.